Mirathi isisubiri matanga: Haki za wazee wa Simiyu ziandikwe wakiwa hai

Katika vijiji vingi vya Simiyu, mali ya mzee huandikwa kwa mara ya kwanza siku chache baada ya yeye kuzikwa. Turubai la msiba bado limesimama, ndugu waliotoka mbali hawajapanda basi, na wazee wa ukoo wanaketi kikao. Kijana mwenye mwandiko mzuri anapewa daftari. Anaorodhesha waliohudhuria, idadi ya ng'ombe, ekari za shamba na nyumba ya bati, kisha anaandika jina la anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wanaojua kuandika wanatia saini, wengine wanaweka dole gumba. Muhtasari huo wa kikao cha ukoo, pamoja na cheti cha kifo, ndio utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi.

Anayeijua mali hiyo kuliko wote ni mjane. Amelima pamba na mumewe tangu ujana wao, anajua ng'ombe gani waliingia zizini kwa mahari ya binti yupi, na anakumbuka mpaka wa shamba ulisogezwa mwaka gani. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa.

Ukichunguza matatizo ya kisheria yanayowasumbua wazee wa mkoa huu, utakutana na mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, bibi aliyeitwa mchawi na babu ambaye shamba lake limeuzwa na mwanawe. Watu hawa hufika polisi, mahakamani na kwenye mabaraza ya ardhi kwa milango tofauti, lakini chanzo cha shida zao mara nyingi ni kimoja: ardhi iliyo mikononi mwa mtu aliyezeeka, ambayo haijaandikwa popote. Ndiyo maana kinga ya mzee lazima ianze kujengwa yeye mwenyewe akiwa hai na akili zake timamu.

Simiyu ni mkoa wa wakulima na wafugaji. Ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1. Kwa familia nyingi hapa, akiba yote ya maisha ni shamba na zizi. Likipotea shamba, mzee hana kingine cha kushika.

Kanuni ya mwaka 1963

Mirathi Tanzania Bara huongozwa na sheria za aina tatu: sheria za kimila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo tuliirithi kutoka kwa wakoloni. Marehemu asipoacha wosia, mahakama hutazama alivyoishi na nia aliyoionyesha. Kwa Msukuma aliyeishi kijijini kwa desturi za ukoo wake, mara nyingi mizani huangukia kwenye mila.

Mila hiyo imeandikwa. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 lilikusanya sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni yake ya 27 inasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kurithi, lakini kwa ardhi ya ukoo anapewa haki ya kuitumia tu, bila kuiuza.

Mwenye watoto wenye huruma anaweza kumaliza siku zake bila kuijua kanuni hiyo. Ambaye hakujaliwa mtoto, au ambaye wanawe wametangulia mbele ya haki, anakabidhiwa ahadi isiyo na mdhamini.

Wajane wawili kutoka Mkoa wa Shinyanga, enzi ambazo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa huo, waliamua kuipinga kanuni hiyo mahakamani. Waume zao walifariki mwaka 1999 na 2000, usimamizi wa mirathi ukaenda kwa ndugu wa kiume wa marehemu, nao wakatolewa kwenye nyumba walizoishi pamoja na watoto wao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, ila ikasita kuzibatilisha kwa hofu kwamba mila za makabila zaidi ya 120 zingefuata mkondo huo huo. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro za kiufundi kwenye hati za mahakama. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zao, ikaitaka iwafidie na kubadili sheria zake. Tangazo la 1963 bado halijafutwa.

Wajane hao hawakuwa wazee, lakini kanuni iliyowaondoa ndiyo inayomsubiri bibi wa miaka sabini. Tofauti ni kwamba bibi hana nguvu ya kuanza upya mjini, wala miaka ya kusubiri rufaa.

Kanda ya Ziwa inayo pia hukumu ya kutia moyo. Katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipoona uzeeni hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa Sh300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Ndugu yake alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yafutwe. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Hukumu hiyo husomwa kama ushindi wa wanawake. Isomwe pia kama ushindi wa wazee, kwani mama yule alitaka kujitunza kwa mali yake mwenyewe.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kwa hiyo ipo sheria inayompa mjane shamba na ipo kanuni inayomnyima. Asiyeijua ya kwanza atakutana na ya pili kwenye kikao cha ukoo, na hatakuwa na la kujibu.

Nyuma ya tuhuma ya uchawi

Usukuma, eneo la Wasukuma ambalo Simiyu ni sehemu yake, umebeba doa la mauaji ya vikongwe kwa miaka mingi. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizianika takwimu za Serikali zilizoonyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa imani za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu walikuwa wa Usukuma.

Macho mekundu, yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi, yamewaponza wengi. Bibi aliyepika maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha, akichochea mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, macho yake lazima yawe mekundu. Ni ugonjwa wa moshi. Shirika la MAPERECE la Magu, wilaya ambayo Busega ilikuwa sehemu yake, lilifanya la maana lilipohimiza majiko sanifu huku likielimisha vijiji kuhusu haki za wazee.

Lakini moshi pekee hautoshi kueleza kwa nini anatuhumiwa bibi huyu na siyo jirani yake mwenye macho kama hayo. Watetezi wa wazee wamekuwa wakieleza kwamba nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna ugomvi wa urithi: mjane anayeishi peke yake kwenye shamba zuri, na ndugu anayeona anachelewa kuondoka. Ramli chonganishi humpa ndugu huyo jina analolitaka. Mganga hafahamu mpaka wa shamba. Aliyempelekea kuku na pesa anaufahamu.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamgusa huyo anayetuhumu. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai. Kumtishia mtu maisha ni kosa, na kuua kwa sababu ya imani hiyo ni mauaji kama mauaji mengine. Familia zisingoje damu imwagike. Barua ya vitisho iliyotupwa uani usiku isichomwe moto kwa hofu. Ihifadhiwe na ipelekwe kituo cha polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na mwenyekiti wa kijiji ajulishwe. Mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam akisikia kwenye simu kwamba mama yake ameanza kusemwa vibaya, aelewe kwamba hilo ni jambo la dharura.

Dole gumba

Mji wa Bariadi unakua. Mashamba ya jana leo ni viwanja, na urasimishaji wa makazi ukipita, fomu inahitaji jina. Mzee akiwa shambani au kitandani, jina linaloandikwa ni la kijana aliyekuwapo nyumbani siku hiyo. Miaka kadhaa baadaye kijana anauza, au anaweka nyumba rehani kwa mkopo, na wazazi wanashangaa kuona mtu baki anapima uwanja wao.

Njia nyingine ni karatasi ya mauziano. Mzee anaambiwa ni fomu ya pembejeo au ya kitambulisho, anaweka dole gumba, kumbe ametia muhuri wa kuuza shamba. Shauri langu ni hili: mzee asiyejua kusoma asomewe karatasi nzima, kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kisukuma, mbele ya mtu anayemwamini asiye na maslahi kwenye biashara hiyo. Na asiweke dole siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama asiambiwe kwamba nyumba ni ya baba peke yake.

Mgogoro ukishatokea, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui kesi. Suluhu ikishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, hivyo kunyamaza ili kutunza undugu kunaweza kumfungia mzee mlango kabisa.

Kinachoweza kuandikwa leo

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mahali pa kuanzia ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kupitia halmashauri ya kijiji na kuingizwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Iandikwe kwa majina ya mume na mke. Mwenye wake wawili au watatu, kila shamba liandikwe kwa jina lake na la mke anayelilima.

Kisha majina. Mzee aliyezaliwa nyumbani anaweza kuwa Ng'wandu kwa majirani, Mwandu kwenye kitambulisho cha Taifa, na jina la ubatizo kwenye kadi ya chama cha ushirika. Akifariki, hizo ni siku za watoto kuzunguka kutafuta kiapo cha kuthibitisha kwamba wote watatu ni mtu mmoja. Kiapo hicho ni rahisi zaidi kukipata akiwa hai na anaweza kujieleza.

Halafu wosia. Wengi huuona kama uchuro, kujitabiria kifo. Hata hivyo sheria ya kimila yenyewe inautambua. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi unahitaji mashahidi wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wanne kwa asiyejua. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia.

Na msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake. Msimamizi siye mrithi wa kila kitu. Mjane anayeona miezi inapita kimya arudi kwa hakimu aliyemteua.

Deni la Serikali

Maandishi ya familia hayatoshi ikiwa sheria yenyewe imepinda. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, lakini haina sheria mahsusi ya wazee. Zanzibar inayo tangu 2020, na tangu Aprili 2016 inawalipa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, iliyoanza na Sh20,000 kwa mwezi na kupandishwa hadi Sh50,000 mwaka 2023. Mzee mwenye chochote cha uhakika mfukoni halazimiki kuuza shamba ili anunue dawa, wala hageuki mzigo unaohesabiwa siku.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imefika Simiyu. Ni hatua njema, lakini kampeni huja na kuondoka. Msaidizi wa kisheria anayezungumza Kisukuma anahitajika kila kata, mwaka mzima. Na Bunge linadaiwa jambo moja la wazi: kuifuta kanuni inayosema mjane hana sehemu.

Familia zisingoje Bunge. Pamba ikishauzwa na watoto wakarudi nyumbani, kikao cha ukoo kiitishwe baba na mama wakiwa wameketi katikati. Mama aulizwe wa kwanza. Mashamba yatajwe, mipaka itembelewe, majina ya wote wawili yaandikwe, na nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Watoto wakiona aibu kuuliza habari za mali wazazi wakiwa hai, watakuja kuulizana wao kwa wao mbele ya hakimu.