Lori Likiua, Dhima ni ya Nani?

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kwenye barabara kuu ya Nakuru na Kericho, lori lililobeba kontena lilishindwa kusimama, likazikumba matatu zilizokuwa zimeegeshwa, pamoja na wapita njia na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kandokando ya lami, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kila ufikapo msiba wa namna hii, swali la kwanza watu waulizalo ni dereva alikuwa nani, na je, alikuwa amelewa au amesinzia? Swali hilo ni la haki. Walakini aghalabu huwa ndilo la mwisho pia, na hapo ndipo insafu inapopotea, kwa kuwa dhima ya lori zito huanza kujengeka siku nyingi kabla dereva hajashika usukani.

Tuanze na kauli inayorudiwa sana katika taarifa za ajali, kwamba breki zilikataa. Breki za upepo za malori haya ziliundwa kwa hadhari kubwa, hata upepo ukivuja wote, springi zenye nguvu hujibana zenyewe na kuyazuia magurudumu. Adui yao mkubwa mteremkoni ni joto. Lori lenye tani 56 pamoja na shehena yake, ambazo ndizo upeo uliowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, likiteremka mlima wenye kimo cha mita 300 tu, nguvu inayopaswa kumezwa njiani yatosha kuchemsha karibu lita 490 za maji ya baridi. Ikiwa dereva ameingiza gia nzito tangu kileleni, injini huchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ikiwa hakufanya hivyo, joto lote huziangukia dramu za breki, nazo zikatanuka na kujitenga na viatu vyake, na viatu navyo vikapoteza ukali wa msuguano, mpaka dereva akanyage asipate jibu. Springi zile nazo hazifai kitu saa hiyo, maana hufanya kazi kwa dramu zizo hizo zilizokwisha kuungua. Na mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa kufikia 80, nguvu ya lori haiongezeki maradufu tu, huwa mara nne.

Basi kwa nini dereva mzoefu, aijuaye Salgaa au Kitonga au mteremko wa Iwambi kama aujuavyo ua wa nyumba yake, atoe gia na kuliacha lori lishuke kwa nyutro? Madereva wenyewe hujibu bila kificho: ni kwa ajili ya dizeli. Tajiri humpimia mafuta ya safari, malipo ya safari ni haba, na lita zitakazobaki ndizo zitakazouzwa njiani ili watoto wapate kula. Sisemi haya kumtakasa dereva, kwani aliyeutia uhai wa wengine hatarini kwa ajili ya madebe mawili ya mafuta ametenda taksiri kubwa mno, na sheria imwadhibu. Lakini tajiri anayejua vyema kwamba ujira aliouweka hautoshi, naye akanyamaza madhali mzigo unafika, ameshiriki katika taksiri ile kwa kadiri ya faida aliyoivuna.

Tazama pia hesabu ya masafa. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni vivyo hivyo. Sheria ya usalama barabarani ya Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na mwendo wa juu wa lori zito ni kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo hata kama barabara ingekuwa tupu, pasiwe na foleni ya mizani wala tuta wala mji, dereva mtiifu asingeweza kupita kilomita 640 kwa siku. Mfanyabiashara anayeamuru kontena lililotoka bandarini leo liwe mpakani kesho alfajiri ameamuru, ajue asijue, sheria ivunjwe na mtu asilale.

Serikali nayo haimo nje ya dhima hii. Basi na lori vilipogongana Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya 31 Desemba 2017, wakafa watu 36; baadaye njia ya kupanda ikatenganishwa na ya kushuka katika sehemu ile, jambo ambalo lingaliweza kufanywa kabla ya maiti hao. Na soko lililoota ukingoni mwa lami, chini ya mteremko, linaonwa na kila afisa apitaye.

Kwa upande wa fidia, kanuni ya sheria tuliyoirithi, Kenya na Tanzania, ni kwamba tajiri huwajibika kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda akiwa kazini, na kila gari lazima liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3 katika nchi zote mbili. Ithibati, hata hivyo, hazingoji miaka mitatu: lori huvutwa hadi gereji, dramu zilizoungua hutupwa, na baada ya muda mfupi gari limekwisha kurudi barabarani. Kwa hiyo jamaa za marehemu, mara wamalizapo kuzika, wamtake wakili wao adai kwa maandishi kwamba breki zikaguliwe na fundi asiyeajiriwa na mwenye gari, na kwamba zihifadhiwe karatasi za mizani, hati ya kupakia, daftari la matengenezo na kumbukumbu za kidhibiti mwendo, pamoja na ujumbe wowote wa simu ambao dereva alitumiwa kumhimiza aharakishe.