Kichefuchefu cha mimba si kudeka

Hakuna maradhi yanayochekwa kama kichefuchefu cha mimba. Jirani akisikia mke wa fulani anatapika alfajiri, hutabasamu na kuanza kuhesabu miezi. Mavyaa husema yeye alizaa watoto saba na hakuna hata siku moja aliyokosa kwenda mtoni. Mume naye, ambaye mara nyingi yuko Nairobi au Mombasa akitafuta riziki, huambiwa kwa simu kwamba ni mambo ya kawaida. Na aghalabu ni kweli. Tatizo ni kwamba wakati mwingine si kweli, na wanaopaswa kutambua tofauti hiyo wameshazoea kucheka.

Kati ya kila wajawazito 10, saba au wanane hupatwa na kichefuchefu. Huanza wiki ya nne hadi ya sita tangu hedhi ya mwisho, huzidi makali kati ya wiki ya tisa na ya 12, na wengi huwa wamepata nafuu ifikapo wiki ya 16 hadi ya 20. Wengi huamini kuwa ni ugonjwa wa asubuhi tu, lakini mwenye nao anajua kwamba huja hata adhuhuri, mradi jirani amekaanga kitunguu.

Sasa linganisha hesabu hiyo na kliniki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2016 kwamba mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Vijijini Kitui na Makueni, wengi bado husubiri hadi mwezi wa nne au wa tano, tumbo linapoanza kuonekana. Kufikia hapo kutapika kumeshakwisha. Ndiyo maana muuguzi akiuliza, mama hujibu kwamba hana shida yoyote, na wiki sita alizolala sakafuni karibu na beseni hazimo katika kadi yake.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliyachukulia maradhi haya kuwa ya mawazo. Marlena Fejzo, mtaalamu wa chembe za urithi kutoka Marekani, alipoteza mimba mwaka wa 1999 kwa sababu ya kutapika kupita kiasi, na ameeleza hadharani kwamba daktari wake alimshuku kuwa anatafuta kuonewa huruma. Mnamo Desemba 2023, yeye na wenzake, akiwemo Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walitangaza kwamba chanzo kikuu ni homoni iitwayo GDF15. Mimba huimwaga kwa wingi katika damu ya mama, nayo hugusa sehemu ya ubongo inayotawala kutapika. Mwanamke aliyekuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba ndiye huumia zaidi, kwa kuwa mwili wake haukuizoea. Kwa hivyo mavyaa aliyekwenda mtoni kila siku huenda anasema kweli tupu, na mkaza mwanawe vilevile. Miili yao ni tofauti.

Nikirudi kwenye mto, hapo ndipo maradhi haya huwa mazito Ukambani kuliko mjini. Katika sehemu nyingi za kaunti hizo mbili maji hayaji kwa kufungua mfereji. Wakati wa kiangazi wanawake huenda kwenye mito iliyokauka, wakachimba mchangani, wakangoja maji yajae kidogo kidogo, kisha wakajaza mitungi ya lita 20. Maji ya baadhi ya visima virefu nayo yana chumvi, na mwenye kichefuchefu akiyanywa huyarudisha papo hapo. Mwanamke huyo hupoteza maji kwa kutapika, na akapoteza mengine kwa jasho akienda kuyatafuta.

Basi wewe unayesoma ukurasa huu mjini, na mkeo, dada yako au mkwe wako yuko Mbooni au Mutomo, usimuulize tu kama ametapika. Muulize amekojoa mara ngapi tangu jana, na mkojo ulikuwa na rangi gani. Aliyekaa saa nane bila kukojoa, au anayetoa mkojo kidogo wenye rangi ya chai isiyo na maziwa, mwili wake umeanza kukauka. Vivyo hivyo aliyeshindwa kuweka chochote tumboni kwa siku nzima, anayeona kizunguzungu akisimama, anayetapika damu, au aliyekuwa na kilo 60 na sasa ana 57. Huyo haambiwi avumilie. Zahanati nyingi hazilazi wagonjwa, kwa hivyo aelekezwe kwenye hospitali inayolaza: Kitui mjini, Wote, Mwingi, Makindu, au ile ya misheni ya Mutomo, yoyote iliyo karibu. Ukituma nauli, tuma ya gari. Mwenye kizunguzungu hawezi kujishikilia kwenye bodaboda.

Hospitalini atatundikiwa maji ya mishipani. Aliyetapika kwa wiki kadhaa anastahili kupewa vitamini B1 kabla ya maji yenye sukari, kwani sukari ikitangulia, ubongo unaweza kudhurika. Jamaa wakiuliza kuhusu vitamini hiyo hawatakuwa wanamfundisha daktari kazi. Atapimwa pia kwa picha, kwa maana kutapika kupita kiasi huweza kuashiria mapacha au mimba zabibu.

Kwa wasiofika huko, ya nyumbani husaidia. Ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, asikae na njaa. Kipande cha mkate mkavu au kiazi kitamu kilichochemshwa, akile kabla ya kuinuka kitandani. Muthokoi na ndengu vinaweza kungoja tumbo litulie. Uji mwepesi uliotiwa ukwaju huwakalia wengi vizuri, na tangawizi katika maji ya moto imethibitishwa kupunguza kichefuchefu. Anywe kwa kunusa-nusa na kuonja, vikombe vidogo, si kwa mkupuo baada ya chakula. Mwingine apike, kwa sababu moshi wa kuni ni adui mkubwa.

Tembe za madini ya chuma zinazotolewa kliniki huchafua tumbo, na nyingi huishia chooni. Afadhali azimeze usiku anapolala. Zikimshinda kabisa amwambie muuguzi, ambaye anaweza kumpa foliki asidi pekee kwa muda. Kutafuna udongo na mawe laini ya sokoni hakufai. Uchunguzi uliofanywa Kilifi miaka ya 1990 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito walikula udongo, na waliokula walikuwa na upungufu zaidi wa damu.

Kuhusu dawa, watu wameogopa tangu thalidomaidi, iliyouzwa kuanzia 1957 na kuondolewa 1961 baada ya watoto zaidi ya 10,000 kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Hofu hiyo ina haki yake, lakini imewanyima wengi dawa salama. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, pekee au pamoja na doksilamini, imetumiwa na mamilioni ya wajawazito bila madhara kwa mtoto. Prometazini nayo ipo. Ziandikwe na daktari au afisa wa kliniki, zisiwe za kukisiwa na muuzaji dukani.

Tena si kila kutapika ni kwa mimba. Kukiwa na homa, mama apimwe malaria, hasa baada ya mvua huko Kibwezi na nyanda za chini. Kukiwa na maumivu ya kiuno na mkojo unaochoma, apimwe mkojo. Na kutapika kunakoanza upya baada ya wiki ya 20, kukiandamana na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia, huenda ni shinikizo la damu la mimba, na hilo ni la kupelekwa hospitalini usiku huo huo.