Ndege Ndogo za Radio: Taurus, Kwik Fli au Curare?

Wanafunzi wawili walitujia juzi wakibishana. Mmoja alishika picha ya ndege iitwayo Taurus, mwenzake picha ya ile iitwayo Curare. «Mwalimu,» walisema, «utuamulie. Katika ndege hizi ndogo ziongozwazo kwa radio, ipi iliyo bora kwa mashindano?» Tuliwajibu palepale mlangoni, lakini jibu letu lilikuwa fupi mno, nao wakaenda zao bila kuridhika. Basi leo tutawajibu vema zaidi, na wasomaji wetu wengine wasikilize pamoja nao.

Kwanza ijulikane tunasema habari ya ndege gani. Si vitu vya watoto kuchezea. Mabawa yake yana mita moja na nusu au zaidi, uzito wake ni kilo 3 hivi, na mbele imefungwa injini ya mafuta yenye kuzungusha rafadha. Mwenye kuiongoza husimama uwanjani ameshika sanduku la radio, na ndege hupita mbele ya waamuzi ikitenda yaliyoagizwa, moja baada ya jingine: kuzunguka duara angani, kubiringika polepole, kuruka chali, kushuka ikizunguka kama pia na kisha kunyoka tena. Waamuzi hutoa alama toka 0 hata 10 kwa kila tendo, na alama za tendo gumu huzidishwa kuliko za tendo jepesi. Hapa mwenye mbio hapati tuzo kwa sababu ya mbio zake. Anayeshinda ni yule ambaye duara lake ni duara kweli.

Mashindano ya kwanza ya ulimwengu ya namna hii yalifanyika mwaka 1960 huko Dübendorf, katika Uswisi. Mshindi alikuwa Mmarekani, Ed Kazmirski, na ndege yake iliitwa Orion. Baada ya Orion alichora nyingine iliyofanana nayo, ndiyo Taurus ya mwanafunzi wetu. Kiwanda cha Top Flite kiliuza vipande vyake vilivyokatwa tayari ndani ya sanduku, hivi watu wengi waliijenga nyumbani kwao.

Lakini mtu hawezi kuielewa Taurus asipoijua radio ya siku zile. Ndani ya ndege mlikuwa na kitu kilichofanana sana na likembe: ndimi nyembamba za chuma zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na urefu wake. Sanduku la chini lilipopeleka sauti fulani, ulimi wa sauti ile peke yake ulitetemeka, ukaunga umeme, na motere ndogo ikavuta usukani. Sauti moja ya kupanda, nyingine ya kushuka. Moja ya kulala kuume, nyingine ya kulala kushoto. Likembe la ndimi kumi lilitosha kwa kazi tano. Ufundi mzuri! Ila ulikuwa na kasoro kubwa moja. Ulimi hutetemeka au hautetemeki, hakuna katikati. Mwongozaji aliyetaka usukani upinde kidogo tu hakuweza kuuagiza hivyo. Ilimpasa kugonga kijiti cha sanduku kwa kidole, mara moja, mara mbili, mara tano, upesi upesi, ili ndege ipokee amri kwa vipande vipande. Duara zuri lilikuwa ni kazi ya vidole vyenye kugonga kwa mapigo yaliyo sawa, kama vile vya mpiga likembe mwenyewe.

Ndiyo maana Taurus iko vile ilivyo. Mabawa yake ni marefu, karibu sentimita 178 toka ncha hata ncha, tena ni manene. Bawa nene hupambana na hewa, hivi ndege ishukapo haizidishi mno mbio, na ipandapo haikosi nguvu upesi. Injini yake ilikuwa ya sentimita 7 na zaidi za ujazo, si kubwa. Kazmirski alitaka ndege yenye subira, imngojee mtu hata amalize kugonga. Watu wa leo huitazama na kuiita mzee mnene. Waseme hivyo baada ya kujaribu kuongoza ndege kwa ndimi za likembe!

Mwaka 1962 mashindano yalikuwa Kenley, katika Uingereza, akashinda Tom Brett. Mwaka 1963 yalikuja Genk, katika Ubelgiji, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Hapo alishinda Ralph Brooke, akarudia tena mwaka 1965 katika Uswidi. Wote hao ni Wamarekani.

Ndipo radio ilipobadilika. Katika miaka ile ya 1960 mafundi walifaulu kutengeneza radio inayofuata mkono: ukisogeza kijiti kidogo, usukani husogea kidogo, ukikivuta chote, nao huvutika wote. Mmoja wa watengenezaji wa radio hizo alikuwa Phil Kraft wa Kalifornia, naye mwaka 1967 alikwenda kisiwani Corsica na ndege aliyoichora mwenyewe, Kwik Fli ya tatu, akawashinda wote. Itazameni picha yake. Mbavu zake ni bapa, haina mapambo, na mabawa yake ni mafupi kuliko ya Taurus. Haikuhitaji tena kumngojea mtu, kwa kuwa mkono wa mtu ulikuwa umefika sasa mpaka kwenye usukani. Injini ilikuwa kubwa zaidi, karibu na sentimita 10 za ujazo, ambao ulikuwa mpaka wa sheria.

Baada ya Kraft zamu ilikuwa ya watu wa Ulaya. Bruno Giezendanner wa Uswisi alishinda mwaka 1969 mjini Bremen, na tena mwaka 1971 katika Marekani kwenyewe. Ndege yake aliiita Marabu, jina la korongo yule mwenye upara tumwonaye penye machinjio. Hatujui kwa nini alichagua ndege asiye na sura nzuri hivyo, maana ile yake ilikuwa ya kupendeza.

Hata mwaka 1977, huko Springfield katika jimbo la Ohio, kijana wa Austria, Hanno Prettner, alitokea na Curare. Curare ni sumu ya mishale ya watu wa misitu ya Amerika ya Kusini, na kweli ndege hii ni mshale. Magurudumu yake hujikunja ndani. Bawa dogo la mkiani limeinamisha ncha zake chini, si kwa urembo, bali ili ndege isipotoke usukani wa nyuma unapotumika wakati wa kubiringika polepole. Hukata upepo, na duara zake ni kubwa, zajaza anga.

Basi, ipi bora? Tukiziweka zote tatu uwanjani leo, kila moja na radio ya siku hizi, siku ya upepo Curare itazishinda nyingine. Taurus itasukumwa kando na upepo, na waamuzi wataliona duara lake limekuwa yai. Lakini siku ya utulivu, tukiwarudishia wote watatu likembe la mwaka 1960, tunaamini Curare itakuwa ardhini vipande vipande kabla ya tendo la tatu. Ndiyo maana katika Marekani chama cha Senior Pattern Association, kinachotunza mchezo huu wa kale, kimeweka mpaka: ndege iwe imechorwa kabla ya mwaka 1976. Hivi mshale hauji kushindana na wazee.

Kwa mtu anayeanza, shauri letu ni jingine. Ndege hizi hujengwa kwa mbao za balsa, ambazo nyingi hutoka Ecuador, nyepesi ajabu. Ubavu mmoja huweza kukutoa jasho jioni nzima. Sisi wenyewe tulitumia likizo yote kwa ndege moja, tukaipaka rangi mara tatu, nayo ilikaa angani muda usiofika dakika moja, kwa sababu tulisahau kuijaza umeme betri yake. Anayejua uchungu huo hatachagua ndege ya kwanza kwa sura yake. Atachagua ile inayojengeka upesi tena inayotengenezeka ikivunjika, nayo kwetu ni Kwik Fli: mbavu bapa hukatwa bila shida, na mbio zake mkono usiozoea waweza kuzifuata. Na kabla ya kuunganisha mabawa, yapimwe uzito yote mawili. Bawa moja likizidi kwa gramu chache tu, kila duara litapinda upande huo, na mwongozaji atailaumu radio bure.

Wale wanafunzi tumewaambia hayo. Mwenye Taurus amekubali. Mwenye Curare ameitia picha yake ndani ya daftari, asema atangoja.