Ukurasa Mmoja Kati ya Maelfu: Msaidizi wa Akili Mnemba Anavyoupata

Msomaji wa Saza, wilayani Songwe, ameniletea swali ambalo wengi wanalo. Anasimamia kompyuta na mtandao wa ofisi yenye tawi Tunduma mjini. Kila upande una fayawoli, kile kisanduku kinachochuja kila kinachoingia na kutoka. Mawasiliano na tawi yalipokatika, alimwuliza msaidizi wa akili mnemba kwenye simu, akapewa amri nne za kuandika. Tatu zilikubali. Ya nne, kifaa kikajibu kwamba hakiijui. "Huyu msaidizi alinidanganya?" anauliza. "Na nimesikia siku hizi anaweza kuunganishwa na nyaraka za mtengenezaji mwenyewe. Inasaidia kweli?"

Inasaidia, tena sana. Kuhusu jinsi modeli za lugha zinavyofundishwa yameandikwa mengi, nitayaruka. La kushika ni kwamba msaidizi asiyeunganishwa hujibu kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu hiyo ilifungwa siku mafunzo yake yalipokwisha. Humo ndani matoleo ya programu ya zamani na mapya yamechanganyika, na vifaa vya kampuni moja vimechanganyika na vya nyingine. Amri ya nne huenda ni ya toleo jingine. Huenda pia haikuwahi kuwepo popote, imeungwa tu kwa vipande vya amri za kweli.

Kwenye ulinzi wa mtandao hilo ni la hatari, kwa sababu ushauri hubadilika ndani ya siku chache. Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2024, Palo Alto Networks walitangaza tundu katika programu ya fayawoli zao, lililosajiliwa kwa namba CVE-2024-3400 na kupewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Mshambuliaji aliye mbali, bila nenosiri lolote, angeweza kuendesha amri zake ndani ya kifaa. Miongoni mwa ushauri wa mwanzo ulikuwemo huu: zima kwa muda telemetria, huduma inayomtumia mtengenezaji taarifa za kifaa. Wiki iliyofuata kampuni ikaubadilisha ukurasa wa tangazo hilo. Kuzima telemetria hakukingi tena, ikasema. Weka toleo lililorekebishwa. Aliyekariri ukurasa wa Ijumaa angempa fundi ushauri ambao mwenyewe aliyeutoa ameshaukana.

Njia ya kumpa msaidizi ukurasa wa leo ilipata utaratibu wa pamoja Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki ya wazi iitwayo MCP. Mtengenezaji huweka seva mbele ya nyaraka zake, msaidizi huarifiwa kwamba hapo pana chombo cha kutafutia, na swali likija hukitumia, hurudishiwa vifungu, huvisoma, kisha ndipo anajibu. Mei 2025 Cloudflare, wanaolinda tovuti nyingi duniani, walifungua seva ya aina hiyo kwa nyaraka zao. Mwaka huohuo Microsoft wakafungua ya kwao, yenye maelezo ya bidhaa zao za ulinzi pia.

Mimi kinachonivutia kiko katikati ya safari hiyo, mahali ambapo matangazo ya kampuni hupita haraka. Seva inajuaje ni ukurasa upi wa kurudisha?

Tuchukue sentensi kama angeiandika fundi wetu: "Tawi la Tunduma halionani na ofisi kuu tangu umeme uliporudi." Nyaraka ni za Kiingereza. Ukurasa anaouhitaji unaeleza njia ya VPN, ile iliyofichwa inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti, inaposhindwa kusimama tena baada ya kifaa kuwaka upya. Neno VPN hakulitaja, wala hakuna neno lake hata moja lililomo kwenye ukurasa ule. Utafutaji wa maneno ungerudi mikono mitupu.

Kuona seva inavyolivuka hilo, tuanze na mawe. Saza ni nchi ya dhahabu. Wazee wanaukumbuka mgodi wa zamani wa Saza, na jirani yake leo unachimbwa mgodi wa New Luika, kwa hiyo huko sina haja ya kueleza sampuli ni nini. Shika mawe mawili kutoka maduara mawili. Moja jeupe, gumu, linang'aa kidogo. Jingine jekundu la kutu, linamomonyoka mkononi. Kwa macho hayana undugu. Yapeleke maabara: yatasagwa, yatapimwa, na kila moja litarudi na karatasi ya namba, dhahabu kiasi hiki, shaba kiasi hiki, salfa, chuma, risasi. Mjiolojia anaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, rangi ya mawe ameshaisahau. Namba zikipanda pamoja na kushuka pamoja, anaanza kuamini kwamba mawe haya ni ya mkanda mmoja wa mwamba. Jiwe moja laweza kuwa tajiri na jingine maskini, namba za hili zikawa nusu ya namba za lile katika kila kipengele, na bado yakawa ndugu. Uwiano ndio unaosema.

Seva inayafanyia maneno jambo hilohilo. Nyaraka zote hukatwa vifungu, na kila kifungu hugeuzwa kuwa karatasi ya namba. Modeli ya LaBSE, kwa mfano, iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2020 kwa lugha 109, Kiswahili kikiwemo, hutoa namba 768 kwa kila sentensi. Tofauti na maabara, hapa hakuna safu iliyoandikwa "dhahabu". Hakuna mtu aliyeamua namba ya 300 ipime nini. Modeli ilijitengenezea safu zake yenyewe, kwa kuonyeshwa mabilioni ya jozi za sentensi na tafsiri zake, ikilazimika kila mara kuzisogeza pamoja zinazosema jambo moja na kuzitenga zisizohusiana. Baada ya kazi hiyo, sentensi ya Saza kuhusu ofisi zisizoonana na aya ya Kiingereza kuhusu VPN huweza kuangukia jirani. Nimeujua ukweli huu kwa miaka na bado unanisisimua: lugha ni rangi ya jiwe tu, uwiano wa ndani ni mmoja.

Orodha hiyo ya namba wapo wanaoiita "upachikaji", neno linaloeleza kitendo na kutuacha hatujui kilichopatikana. Mimi nasema "kipimo cha maana", na naomba wanaotunga istilahi walifikirie.

Kulinganisha vipimo ni hesabu ya shule ya msingi. Namba ya kwanza ya swali inazidishwa kwa namba ya kwanza ya kifungu, ya pili kwa ya pili, hadi ya 768, kisha yote yanajumlishwa. Jumla kubwa, undugu mkubwa. Ukubwa wa jumla wa namba za kila orodha husawazishwa kabla ya kuzidisha, ili uwiano pekee ubaki, kama kwa yale mawe. Nyaraka zikiwa na vifungu 20,000, ni kuzidisha mara 15,360,000. Kompyuta ya kawaida ya mezani huimaliza kazi hiyo chini ya sekunde moja.

Kipimo cha maana kina pahala pa kuteleza, na fundi apajue. Ukurasa wa toleo 10.2 na ule wa toleo 11.1 huwa na vipimo vinavyokaribia kulingana, maana husema jambo moja kwa tofauti ya tarakimu mbili tatu. Namba kama CVE-2024-3400 nayo haina maana ya kupimwa, ni jina tu. Kwa sababu hiyo seva zilizotengenezwa vizuri hutumia pia utafutaji wa maneno yenyewe, herufi kwa herufi, kisha huunganisha matokeo ya pande mbili.

Mengine kwa kifupi: unganisha seva ya mtengenezaji mwenyewe, si ya mtu usiyemjua, kwa kuwa ukurasa uliochezewa humpotosha msaidizi. Na usimbandikie faili la usanidi lenye manenosiri.

Kwa ndugu yetu wa Saza, basi. Msaidizi wako hakukusudia kukudanganya. Hakuwa na ukurasa mbele yake. Tafuta kama mtengenezaji wa fayawoli yako ana seva ya nyaraka. Asipokuwa nayo, pakua kitabu cha toleo lako na umpe msaidizi akisome kabla ya kumwuliza. Andika aina ya kifaa na toleo la programu yake kwenye swali lenyewe, kila mara. Kisha mtake akutajie ukurasa alikoitoa kila amri, uufungue kwa macho yako na kusoma ni wa toleo gani. Amri isiyo na ukurasa usiiandike kwenye kifaa ambacho ofisi mbili zinakitegemea.