Nani Huitisha Sala ya Taifa?

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, suala la mamlaka juu ya ibada ya nchi lilipata jibu kabla ya dini za kigeni kufika, kwa kuwa simulizi za kale zinaeleza kwamba ukoo wa Twa ulipotwaa utawala kutoka kwa chifu wa Milansi, kijiji kinachohesabiwa kuwa chimbuko la Wafipa, chifu huyo alipoteza enzi lakini akabaki na matambiko, yaani ibada za kuiombea nchi na watu wake.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walikuja na mtazamo tofauti walipokabidhiwa kituo cha Wabelgiji cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alitamani ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na ng'ambo ya ziwa, huko Mpala, kapteni Mfaransa Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliongoza kikosi cha kuwalinda waumini. Ukoloni uliizima ndoto hiyo, na pengine uliliepusha Kanisa na balaa. Jimbo Katoliki la Karema, lililochipuka kutoka kituo cha Karema, liliitwa Sumbawanga kuanzia 1969.

Leo Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, ila itifaki, yaani utaratibu wa heshima katika hafla, hupenya pasipopenya sheria: kiongozi hukaribishwa kutoa salamu za Serikali, na salamu hizo hugeuka hotuba. Mwaka 2020 mambo yalikwenda mbali zaidi, kwani Rais John Magufuli mwenyewe aliitisha siku tatu za sala dhidi ya korona, 17 hadi 19 Aprili, na mwezi Juni akatangaza kanisani, jijini Dodoma, kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi. Rais kusali si kosa, na wengi walifarijika. Tatizo ni kwamba taarifa ya afya ya umma ilitolewa ndani ya ibada, ambamo kuihoji kungeonekana ni kuipinga sala yenyewe. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye Jimbo la Sumbawanga limo katika kanda yake ya kikanisa, liliwatahadharisha waumini kuhusu wimbi jipya la korona, ilhali Serikali ilishikilia kwamba nchi iko salama.

Nchini Kenya Waanglikana walichukua hatua ya wazi zaidi. Septemba 2021, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwaacha wanasiasa wasali kama waumini wengine, bila kuwapa kipaza sauti. Fedha ni mtihani mgumu zaidi, maana parokia inayotegemea harambee hushindwa kumnyamazisha mgeni rasmi aliyeichangia. Hata hivyo, Novemba 2024 Askofu Mkuu Katoliki Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto, jijini humo, urudishwe.