Nyaya ndani ya bongo: wagonjwa wa kifafa wanaosaidia wachunguzi

Hakuna munganga mwenye haki ya kutoboa kichwa cha mutu mwenye afya kusudi tu aone namna anawaza. Basi wachunguzi wanajuaje mambo yanayopita ndani ya bongo ya mutu angali hai, anaongea, anakumbuka? Kwa sehemu kubwa, wagonjwa wa kifafa ndio wanawafungulia mulango.

Seli za bongo zinapashana habari kwa umeme kidogo sana. Mu 1924 munganga Mujerumani, Hans Berger, alianza kupima umeme ule kwa watu. Kipimo cha juu ya ngozi ya kichwa kinatumika mpaka leo, lakini ni kama kusimama inje ya kanisa yenye kujaa: unasikia wanaimba, hujui sauti ya nani.

Kwa karibu mugonjwa 1 wa kifafa kati ya 3, dawa zinashindwa. Wamoja kati yao wanaweza kupasuliwa ili kuondoa kasehemu kadogo ambamo kifafa kinaanzia. Lakini kwanza kasehemu kale kajulikane. Waganga wanamulaza mugonjwa, wanatoboa matundu madogo kwenye mufupa wa kichwa, wanapitisha elektrodi nyembamba. Bongo yenyewe haisikii maumivu. Kisha wanangojea, siku kadhaa, mara ingine wiki mbili, kamera ikimuangalia mugonjwa kitandani. Pengine ni pale tu hospitalini ambapo watu wote wanaomba ugonjwa uje.

Ndipo wachunguzi wanamufikia: utakubali kuangalia picha fulani? Elektrodi zingine ziko na nyaya nyembamba kuliko unywele, zinazoshika umeme wa seli moja moja. Mu 2005, kundi la Rodrigo Quian Quiroga na munganga Itzhak Fried wa Los Angeles, Marekani, lilitangaza jambo la kushangaza. Kwa mugonjwa mumoja, seli moja ilikuwa inaamka akiona picha za mucheza sinema Halle Berry. Ikaamka tena alipoona jina lake limeandikwa tu, bila sura. Kumbe seli ile haikufuata macho wala nywele. Ilifuata wazo la mutu yule.

Kazi hii ina hatari: damu inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuoza, hata kama si mara nyingi. Juu ya hiyo elektrodi zinawekwa pale ugonjwa unadai, si pale muchunguzi anatamani. Mugonjwa akikataa maswali, matunzo yake yanaendelea vilevile. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini mutu aliyelala na nyaya kichwani, mbele ya waganga anaowategemea, si rahisi kusema hapana, na wachunguzi wenyewe wanabishana juu ya jambo hilo.

Huku kwetu, kwa mufano katika vijiji vya Ituri ambako inzi wa upofu wa mito wanauma watu na kifafa ni kingi, wagonjwa wengi hawajafika hata kwenye kidonge cha kwanza. Fenobarbitali ni ya bei ndogo, inakunywiwa kila siku, na hairuhusiwi kuikata gafula bila munganga.