Ni Nani Asemaye kwa Niaba ya Marekani?

Tarehe 9 Machi, mwaka 2015, wakuu wa nchi ya Iran, ambayo watu wa pwani tangu zamani huiita Uajemi, waliandikiwa barua ya wazi kutoka Washington. Barua hiyo haikutoka kwa Rais wa Marekani, wala kwa Waziri wake wa Mambo ya Nchi za Nje. Ilitiwa sahihi na wajumbe 47 wa Baraza la Seneti, wote wa chama cha Republican, kilichokuwa kikimpinga Rais Barack Obama. Na wakati huo wajumbe wa Rais walikuwa katikati ya mazungumzo na Waajemi hao hao juu ya kazi zao za nyuklia.

Jambo hilo lafanana na habari ya mzee aliyetuma mshenga kwenda kuposa. Mshenga yumo nyumbani kwa baba wa binti, hesabu ya ng'ombe haijakwisha, mara ndugu za yule mzee wanaleta ujumbe mlangoni: ahadi ya mshenga ni ya mzee peke yake, si ya ukoo, na mzee mwenyewe hatakaa sana. Baba wa binti afanye nini? Huko Marekani wengine walisema kwamba maseneta wale wamevunja sheria. Wengine wakasema wametumia haki yao. Mtu hawezi kuamua neno hilo asipojua kwanza Katiba ya nchi ile inavyosema.

Katiba hiyo iliandikwa mwaka 1787. Yasema kwamba Rais ana mamlaka ya kufanya mikataba na mataifa mengine, lakini kwa shauri na kwa idhini ya Baraza la Seneti, na theluthi mbili za maseneta waliohudhuria sharti wakubali. Siku hizi kila jimbo lina maseneta wawili, na majimbo ni 50. Basi wakihudhuria wote 100, zatakiwa kura 67, na watu 34 tu waweza kuuangusha mkataba ambao Rais ameuhangaikia miaka. Lakini Katiba haikueleza shauri hilo litolewe lini: kabla ya mazungumzo, katikati yake, au baada yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoingia, nao haujatoka.

Rais wa kwanza, George Washington, alilijaribu neno hilo kwa nia njema. Jumamosi, tarehe 22 Agosti, 1789, alikwenda mwenyewe barazani, mjini New York, kutaka shauri la maseneta juu ya mkataba na Wahindi Wekundu wa kusini. Makamu wake, John Adams, akaisoma karatasi, na huko nje magari ya farasi yakapiga kelele hata maneno yasisikike vizuri. Maseneta walipoomba wapewe nafasi ya kulifikiri jambo hilo katika kamati, Washington alikasirika. Kuja kwake, alisema, kumekuwa bure. Alirudi Jumatatu, shauri likakwisha, walakini hakuingia tena barazani kutafuta shauri kwa njia ile. Tangu hapo desturi ya Marais imekuwa kuzungumza na wageni kwanza, kisha kuleta mkataba uliokwisha kuandikwa.

Miaka michache baadaye Bunge lilitunga sheria ya kuwazuia watu wanaojituma. Mwaka 1798 tabibu mmoja wa Philadelphia, George Logan, alikwenda Ufaransa kwa hiari yake kutafuta amani, wakati merikebu za nchi hizo mbili zilipokuwa zikipigana baharini. Sheria ya mwaka 1799, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake, yamkataza Mmarekani asiye na idhini ya Serikali kuandikiana na serikali ya kigeni kwa kusudi la kuigeuza nia yake katika ugomvi na Marekani, na adhabu yake yaweza kufika miaka 3 gerezani. Ni ajabu kwamba katika miaka yote hiyo ni watu wawili tu waliopata kushtakiwa kwa sheria hiyo, mwaka 1803 na mwaka 1852, wala hakuna aliyehukumiwa. Logan mwenyewe alikuwa seneta baadaye, na mwaka 1810 akafunga safari nyingine ya kujituma, mara hii kwenda Uingereza.

Habari iliyo kubwa zaidi ni ile ya Rais Woodrow Wilson, nayo yagusa Afrika ya Mashariki. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Wilson alikwenda Paris yeye mwenyewe kufanya mapatano ya amani. Hakuchukua seneta hata mmoja, ijapokuwa wapinzani wake walikuwa wamekwisha kupata wingi wa viti katika Seneti. Shauri alilolipenda kuliko yote ni kuundwa kwa Chama cha Mataifa, kilichoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Mwezi wa Machi, 1919, Wilson akiwa nyumbani kwa siku chache tu, Seneta Henry Cabot Lodge alisimama barazani akasoma tangazo kwamba chama hicho, kwa namna kilivyoandikwa, hakifai kukubaliwa. Jumla ya maseneta na maseneta wateule walioliunga mkono walikuwa 39. Wakati huo Seneti ilikuwa na wajumbe 96, na 33 walitosha kuuzuia mkataba. Kila mtu aliyejua kuhesabu alielewa.

Wilson alirudi Paris mikono imelegea. Ilimpasa kuwaomba wakuu wa Uingereza na Ufaransa wabadili maneno kadhaa ili kuwaridhisha watu wa kwao, nao walijua kwamba mwenye kuomba hana nguvu ya kukataa. Mkataba ulitiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni, 1919. Mwaka huo huo Seneti iliukataa. Na ulipoletwa tena, tarehe 19 Machi, 1920, ulipata kura 49 dhidi ya 35, pungufu ya kura 7 tu. Lawama haikuwa ya Lodge peke yake, kwa kuwa Wilson naye aliwaagiza watu wake wasikubali masharti yaliyoongezwa na Seneti. Mkataba huo ndio uliomwondolea Mjerumani makoloni yake. Tanganyika ikawekwa mikononi mwa Waingereza, na Ruanda-Urundi mikononi mwa Wabelgiji, wote wakiwa wadhamini chini ya Chama cha Mataifa. Hivyo nchi hizo zilisimamiwa kwa jina la chama alichokipigania Rais wa Marekani, na Marekani yenyewe haikuingia kamwe.

Marais waliofuata hawakusahau. Wakazidi kutumia mapatano ya Serikali na Serikali, yasiyohitaji theluthi mbili za Seneti. Mapatano ya namna hiyo hufanyika upesi, lakini mengi hushikwa na mkono wa Rais peke yake. Nao wabunge, wakiona mlango wa mbele umefungwa, wakatafuta wa nyuma. Hilo si kosa la chama kimoja. Mwaka 1984 wabunge 10 wa chama cha Democratic waliandika barua ya upole kwa Daniel Ortega, mkuu wa Nicaragua, wakati Rais Ronald Reagan alipokuwa akiwasaidia adui zake.

Sasa turudi kwenye barua ya 2015. Aliyeongoza kuiandika ni Tom Cotton wa Arkansas, aliyekuwa amekaa katika Seneti kwa miezi miwili tu. Barua iliwaeleza Waajemi, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mapatano yasiyopitishwa na Bunge ni mapatano ya Obama tu. Kwamba yeye ataondoka Januari, 2017, bali maseneta wengi watabaki. Na kwamba Rais ajaye aweza kuyafuta kwa kalamu mara moja. Barua hiyo iliyotaka kufundisha Katiba ilikosea jambo moja: ilisema Seneti ndiyo inayothibitisha mikataba, kumbe Seneti hutoa idhini, na mwenye kuthibitisha ni Rais. Maseneta 7 wa chama hicho walikataa kutia sahihi. Mmoja wao ni Bob Corker, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje.

Javad Zarif, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Iran, aliyesoma Marekani, alijibu kwamba barua hiyo ni propaganda isiyo na nguvu ya sheria. Makamu wa Rais, Joe Biden, aliyepata kuwa seneta miaka 36, aliishutumu vikali. Watu wengi walitaka ile sheria ya Logan itumike, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Kwa kweli kiini cha barua hakikuwa uongo. Lakini Lodge alisema barazani mwake, na Rais wake akasikia. Hawa waliuandikia upande wa pili, mapatano yakiwa bado mezani.

Corker alishika njia nyingine. Alitunga sheria ya kulipa Bunge nafasi ya kuyachungua mapatano kabla vikwazo havijalegezwa, na Seneti ikaipitisha kwa kura 98 dhidi ya 1, ambayo ilikuwa ya Cotton. Hata hivyo sheria hiyo iliugeuza mzigo. Badala ya Rais kutafuta kura 67 za kukubali, wapinzani ndio waliotakiwa kupata theluthi mbili za kumshinda akikataa uamuzi wao. Mapatano yalifikiwa Vienna tarehe 14 Julai, 2015: Iran isiweke zaidi ya kilo 300 za urani iliyorutubishwa kufika asilimia 3.67, kwa muda wa miaka 15, nayo ipunguziwe vikwazo. Mwezi wa Septemba wapinzani walipata kura 58 katika Seneti, na zilitakiwa 60 ili shauri lao lipigiwe kura ya mwisho.

Tarehe 8 Mei, 2018, Rais Donald Trump aliiondoa Marekani katika mapatano hayo. Hakuhitaji kura ya seneta yeyote. Mwaka uliofuata Iran ilianza kuvuka mipaka iliyowekwa, na mwaka 2021 ikafika kurutubisha urani kwa asilimia 60. Mwaka huo huo Biden, aliyekuwa sasa Rais, alituma wajumbe wake Vienna kuyafufua mapatano. Waajemi wakataka dhamana kwamba Rais mwingine hatayavunja tena. Wamarekani wakajibu kwamba dhamana ya namna hiyo Rais hawezi kuitoa, na mazungumzo hayo yakakwama mwaka 2022.